Namba 41 si mti mmoja: shajara ya mradi wa msonobari gome-jeupe

Januari, wiki ya kwanza

Juu kabisa ya milima ya magharibi ya Marekani na Kanada, mahali ambapo miti mingine imeshashindwa na upepo na theluji, huota msonobari ambao wanasayansi wanauita *Pinus albicaulis*. Humu nitauita gome-jeupe. Serikali ya Marekani iliuingiza kwenye orodha ya spishi zinazotishiwa Desemba 2022, na takwimu zake zinasema kufikia 2016 asilimia 51 ya miti hii iliyosimama nchini humo ilikuwa imekufa. Imesimama, lakini imekufa. Ukiwa bondeni ukainua macho unaona mteremko mzima wa fimbo za kijivu.

Wauaji ni kadhaa: mbawakawa wanaotoboa gome, moto, joto linalopanda mlima. Sisi tunapambana na mmoja, kutu ya malengelenge. Ni kuvu, *Cronartium ribicola*, iliyoingia Vancouver mwaka 1910 ndani ya miche ya misonobari iliyoagizwa kutoka Ufaransa. Misonobari ya huku haikuwa imewahi kukutana nayo.

Katikati ya mikavu hiyo hubaki mti mmoja hapa na mwingine kule, mbichi kabisa. Tunaiita manusura. Tuna manusura 64 wenye namba, na kwa kila mmoja tuna bahasha ya sindano zilizokaushwa (ndiyo majani membamba ya msonobari), gunia dogo la koni za Septemba iliyopita (vibebeo vya mbegu vyenye magamba), na picha. Maswali yetu matatu: manusura hawa wana undugu kiasi gani? Chavua inayozitungisha mbegu zao inatoka kwa nani? Na je, vinasaba vinaweza kutudokeza mapema ni familia ipi, yaani miche ya mama yupi, itakayostahimili kutu, kabla ya kusubiri miaka? Waliotoa fedha walilipenda la tatu. Mimi nalipenda la kwanza, na nimeshaambiwa kwamba huo ni ukaidi.

Januari, wiki ya tatu

Leo nimeulizwa tena kwa nini tusisome jenomu nzima, yaani DNA yote, ya kila mti. Jibu ni ukubwa wake. Jenomu ya gome-jeupe, iliyochapishwa mwaka 2024 na kundi la mtaalamu wa vinasaba vya miti David Neale, ina herufi za DNA zaidi ya bilioni 27. Ya binadamu ni kama bilioni 3. Konifa (miti inayozaa koni) karibu zote za ukoo huu ndivyo zilivyo: mspruzi wa Ulaya (*Picea abies*), wa kwanza kusomwa mwaka 2013, bilioni 20, *Pinus taeda* mwaka 2014, bilioni 22, *Pinus lambertiana* mwaka 2016, bilioni 31. Si kwamba msonobari una jeni mara tisa ya zetu. Sehemu kubwa ya hizo herufi ni vipande vinavyojinakili na kujibandika kwingine, mamilioni ya miaka, na konifa hazina tabia ya kufagia nyumba.

Kwa hiyo tutanasa vipande vya jeni tu na kuuacha msitu wote wa marudio. Inatosha kwa maswali yetu. Anayetaka kila herufi ya miti 64 atafute pia mahali pa kuzihifadhi.

Februari

Wiki mbili za kamasi. Sindano za msonobari zimejaa utomvu, tanini na sukari nzito, na vyote hivyo hupenda kufuatana na DNA hadi mwisho wa safari. Unasaga sindano ndani ya naitrojeni ya kimiminika hadi ziwe unga wa kijani uliopauka, unaongeza dawa, unazungusha kwenye mashine, unatarajia maji meupe. Ukiinamisha kibomba, kinachoteremka ni uzi mnene wa kahawia unaonata kwenye ncha ya pipeti na kukataa kuachia. Kipimo cha mwanga kinasema DNA ipo tele, lakini vimeng'enya vikiwekwa humo havifanyi kazi kabisa.

Mwenzangu wa maabara ndiye aliyetuokoa. Amepunguza sindano kuwa robo ya tulizokuwa tukitumia (tamaa ilikuwa yangu) na kuanza kwa kuusafisha unga mara mbili kwa maji ya sorbitoli kabla ya dawa yoyote. Kamasi imeondoka na yale maji. Sampuli 64 zimekamilika Ijumaa jioni.

Machi

Sasa mbegu, na hapa napenda kukaa kidogo kwa sababu ndiyo zawadi kubwa ambayo konifa humpa mtu wa vinasaba.

Ukipasua mbegu ya gome-jeupe kwa wembe, ganda lake ni gumu kama la njugu ndogo. Ndani kuna kinofu cheupe chenye mafuta, na katikati ya kinofu kuna kiinitete, kijiti chembamba unachoweza kukivuta kwa kibanio kikatoka kizima. Kiinitete ni mtoto, nusu mama na nusu baba. Kile kinofu cheupe ni cha mama peke yake. Katika miti inayotoa maua, chakula cha mbegu huwa na mchango wa baba pia, lakini katika konifa hukua kabla ya chavua kufanya kazi yake, na hubeba nakala moja tu ya jenomu badala ya mbili. Zaidi ya hapo, nakala hiyo ndiyo ileile iliyoingia kwenye yai lililokuja kuwa kiinitete.

Maana yake, ukisoma kinofu unajua mama alitoa nini. Ukisoma kiinitete kisha ukatoa cha mama, kinachobaki ni cha baba, mti ambao hujawahi kuuona na ambao huenda uko upande wa pili wa mlima. Wanaofanya kazi na wanyama wakisikia hili hunyamaza kidogo.

Tunapasua mbegu 8 kwa kila mti. Vidole vinanuka utomvu hata baada ya kuoga.

Aprili, mwanzoni

Data imefika. Siku nne za kwanza zilikwenda kwenye kuchuja tu.

Tatizo la konifa ni kwamba jeni zake zina ndugu wengi wanaofanana. Kompyuta huchukua usomaji wa jeni mbili tofauti na kuulaza mahali pamoja, halafu inakuambia mti una herufi mbili hapo, A na G. Uongo mtupu. Vinofu vyetu vimegeuka polisi. Kwa kuwa kinofu kina nakala moja, hakiwezi kuwa na herufi mbili mahali pamoja. Kila mahali ambapo kinofu kinadai kuwa na mbili, pana jeni ndugu zilizorundikwa pamoja, na mahali hapo nimepafuta kwa sampuli zote. Kabla ya kuchuja, kila mti ulionekana una utajiri wa ajabu wa vinasaba. Nusu ya utajiri huo ilikuwa hewa.

Aprili, mwishoni

Jaribio la umama. Hesabu yake ni nyepesi: kama sindano za mti zinaonyesha A na A, hakuna kinofu cha mbegu yake kinachoweza kubeba G. Kosa moja au mawili ni ya mashine. Makosa mia ni mama mwingine.

Miti 58 imepita. Miti 6 imekataliwa na watoto wake wenyewe.

Nilikwenda maabara na orodha nikiwa na hasira ambayo sasa naionea aibu. Mwenzangu aliisoma, akaweka miwani mezani. "Ndugu yangu," akasema, "vibomba hivi nimevishika mimi, na kila kimoja nimekiandika mara mbili. Anza na bahasha zako." Tukazifungua. Namba 17 na namba 71 zilibadilishana mahali, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na ukizibadilisha kompyuta inaridhika mara moja. (Namba zetu hazifuatani, tulirithi lebo za wenzetu wa zamani.) Nimeomba msamaha.

Zimebaki nne: 8, 29, 41 na 60. Tumezitoa DNA upya kutoka sindano zilezile. Jibu ni lilelile.

Mei, wiki ya kwanza

Nimeshinda siku tatu nikiwaza kwamba labda koni zilichanganyika maguniani. Lakini kama zingechanganyika, mbegu za namba 41 zingeonyesha mama wawili au watatu. Haziko hivyo. Vinofu vyote 8 vinakubaliana juu ya mama mmoja. Tatizo ni kwamba mama huyo si aliyetoa sindano.

Halafu nikapima undugu kati ya sindano za 41 na huyo mama wa mbegu, ambaye unaweza kumjenga upya kwa kuunganisha vinofu vyake. Si wageni. Ni kama watoto wa mama mmoja na baba tofauti. Nimeangalia 8, nikaangalia 60. Vilevile. Za 29 ni karibu zaidi, baba na mama mmoja.

Ndipo nilipofungua picha, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza kama ningekuwa na akili timamu. Namba 41: mashina matatu yanayotoka kwenye kitako kimoja. Namba 8: mashina mawili. Namba 29: manne. Namba 60: mawili, moja limepinda. Kwenye daftari la uwandani imeandikwa "mti wenye mashina mengi", kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa na baridi.

Mei, siku iliyofuata

Mwenye kesi hii ni ndege.

Koni za gome-jeupe hazifunguki zenyewe, na mbegu zake hazina mbawa. Mti huu umemkabidhi ndege mmoja wa jamii ya kunguru, *Nucifraga columbiana*, kazi yote ya kupanda. Kambini tunamwita Mweka-akiba. Anazichana koni kwa mdomo mrefu, anazijaza mbegu kwenye mfuko ulio chini ya ulimi, anaruka nazo mbali, pengine kilomita 20 na zaidi, na kuzifukia sentimita mbili tatu chini ya udongo. Huweka mbegu kadhaa kwenye shimo moja, mara nyingi 3 hadi 5. Nyingi anazikumbuka na kurudi kuzila. Anazozisahau huota.

Na zinaota pamoja, kwenye tundu lilelile, mbegu za koni moja au za mti mmoja. Miaka mia mbili baadaye vitako vimebanana hadi gome limeungana, na mtu anayepita anaandika "mti mmoja, mashina matatu". Jambo hili watafiti wamelijua tangu miaka ya 1980. Mimi nilikuwa nimelisoma. Kulisoma ni kitu kimoja. Kulikumbuka ukiwa na mkasi mkononi kwenye mteremko wenye upepo ni kitu kingine. Aliyekata sindano alikata tawi lililo karibu na mkono wake. Mpanda miti alichuma koni kileleni, penye koni. Ni mashina mawili tofauti, chini ya namba moja.

Kwa hesabu ya mradi hili si dogo. Namba ndiyo inayobeba mbegu hadi kitaluni, na namba ndiyo inayobeba vinasaba hadi kwenye modeli ya kompyuta inayokisia ustahimilivu. Tungekuwa tumeifundisha kompyuta kwamba vinasaba vya shina la tatu ndivyo vilivyozaa miche ya shina la kwanza.

Juni

Theluji imechelewa kutoka. Tumepanda mlimani na lebo mpya za alumini: kila shina lina herufi yake. 41A, 41B, 41C. Sindano zinakatwa kwenye shina husika, na anayekata anagusa gome kwa mkono kutoka tawi hadi ardhini kabla ya kuandika. Inachelewesha kazi. Mpanda miti wetu anasema tunapapasa miti kama wachawi.

Nieleze 41 ilivyo. A ni shina nene la kaskazini, bichi hadi kileleni. C ni jembamba, nalo ni bichi. B, katikati yao, limekufa kutoka kileleni hadi usawa wa kifua. Chini kidogo, mahali palipokuwa bado na uhai, gome limevimba na kupasuka, na kwenye mipasuko kuna malengelenge meupe madogo kama punje. Nililigusa moja kwa kalamu likatoa unga wa rangi ya chungwa ulioishia kwenye mkono wa koti langu. Hizo ni spora. Haziwezi kuambukiza msonobari mwingine moja kwa moja. Lazima kwanza zitue kwenye majani ya vichaka vya *Ribes* au mimea mingine michache, zikae huko kiangazi, ndipo mwishoni mwa msimu spora za aina nyingine zirudi kuingia kwenye sindano. Pembeni ya uvimbe gome limetafunwa na panya, wanaopenda utamu wa sehemu iliyougua.

Ndugu watatu, shimo moja, ukungu uleule wa asubuhi, vichaka vilevile vya *Ribes* hatua kumi chini. Mmoja anakufa, wawili wazima. Usingeweza kupanga jaribio safi kuliko hili. Nililisema kwa sauti na mpanda miti akanikumbusha kwamba jaribio la miti mitatu linaitwa hadithi. Ni kweli. Lakini tuna vishada vingine kama hiki, na sasa vyote vina herufi. Tumechukua sindano za B pia, kutoka tawi la mwisho lenye uhai.

Kabla ya kushuka tumevisha koni vikapu vya waya, la sivyo Mweka-akiba na kindi hawatuachii hata moja.

Julai

Modeli. Nitaandika kwa ufupi kwa sababu habari si nzuri sana.

Kuna familia ambazo miche yake ilishapimwa kutu kwa njia ya kawaida: unailaza chini ya majani ya *Ribes* yenye ugonjwa ndani ya chumba chenye unyevu mzito, halafu unaitazama kwa miaka, kama wanavyofanya kituo cha Dorena kule Oregon. Tumechukua matokeo ya familia hizo na vinasaba vya mama zao, tukaifundisha kompyuta. Ukiificha miti michache na kuiuliza, inakisia vizuri. Ukiificha safu nzima ya mlima na kuiuliza, inabahatisha. Imejifunza nani ni ndugu ya nani, na ndugu hufanana. Kutu yenyewe haijaijua.

Kikao kilikuwa kirefu. Kulikuwa na rai ya kutafuta jeni moja kubwa na kuifuata hiyo. Nilipinga. Mwaka 1970 mtafiti Bohun Kinloch na wenzake walitangaza jeni ya namna hiyo kwenye *Pinus lambertiana*, ikaja kuitwa Cr1, na ilikuwa inaizuia kutu barabara. Haikupita miaka mingi, pale Happy Camp, California, kutu ikapatikana yenye njia ya kuikwepa, na miti iliyotegemea jeni hiyo pekee ikaugua kama mingine. Kwa gome-jeupe ustahimilivu unaonekana umetawanyika kwenye jeni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo. Kuvu inapata tabu kukwepa vitu vingi vidogo kwa mpigo.

Tulichokubaliana: modeli itapanga foleni tu. Nafasi kwenye vyumba vya kupimia ni chache, kwa hiyo familia inazozipendekeza zitatangulia. Hakuna mti utakaotupwa kwa kauli ya kompyuta.

Agosti

Swali la chavua limetoa kitu nisichokitarajia. Namba 33 uko peke yake kwenye mgongo wa mlima. Majirani wote ni fimbo. Ni mzima, mnene, unapendeza kwenye picha, na koni zake ni nyingi. Tukavuta viinitete, tukatoa cha mama, tukamtafuta baba. Katika mbegu 3 kati ya 8, baba ni huyohuyo namba 33.

Konifa hubeba mzigo mzito wa jeni mbovu zilizofichika, na mti ukijichavusha mwenyewe mzigo huo hukutana pande mbili. Viinitete vingi hufa mapema na mbegu hubaki tupu. Tulipoupiga mfuko wa mbegu za 33 picha ya eksirei, sehemu kubwa ilikuwa maganda: duara jeusi lisilo na kitu ndani, limezungukwa na mengine yenye kinofu cheupe. Na hizo zilizojaa, baadhi ndizo zile tatu.

Hivyo mti uliokuwa wa kwanza kwenye orodha ya kuchumwa umeshuka. Mbegu zake zitakwenda benki ya mbegu, kidogo. Vijitawi vyake tutavipandikiza kwenye shamba la mbegu, kati ya miti isiyo ndugu zake, ili siku moja upate chavua ya wengine. Msonobari huu hauanzi kutoa koni za maana hadi upite miongo kadhaa, ingawa upandikizaji hufupisha ngoja hiyo. Nimeandika "siku moja" kwenye ripoti nikaambiwa niweke mwaka.

Septemba

Mavuno. Siku tano juu, usiku maji yameganda kwenye chupa. Magunia yana lebo ndani na lebo nje, na zikipishana gunia halipokelewi. Nimelikataa moja la kwangu mwenyewe.

Majibu ya sindano za Juni yalifika siku moja kabla hatujapanda. Mama wa zile mbegu 8 ni 41A. Sindano za mwaka jana ni za 41C. Na 41B, iliyokufa, ni ndugu yao wa mama mmoja.

Tulipofika 41 mpanda miti alikuwa ameshafika kwenye kilele cha A na anashusha vikapu kwa kamba, kimoja kimoja. Kwenye C kulikuwa na koni 3 ambazo mwezi Juni hatukuzivisha, tawi lilikuwa bovu kumbeba mtu. Mweka-akiba alikuwa ametua juu yake. Alipiga mdomo, magamba ya zambarau yakawa yananidondokea mabegani, na koo lake likazidi kuvimba. Niliendelea kuandika lebo. Aliporuka alishuka chini kuelekea bondeni, mzigo umejaa, nikamfuata kwa macho hadi akapotea kwenye sehemu iliyoungua.

Daftari, mstari wa mwisho wa leo: 41A, koni 37, zimechumwa. 41B, mkavu. 41C, koni 3, zimechukuliwa.